Kariakoo: Moto hupita palipoachwa njia

Basi la mwendokasi linalotoka Kimara kwenda Gerezani huvuka kwanza Jangwani, bonde ambalo mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi hupanda hadi barabarani na safari husimama. Likishapanda kutoka bondeni, basi hufika kituo kinachoitwa Fire. Kwa umbali mfupi tu, abiria ametoka penye maji akaingia penye jina la moto.

Mtoto anayekwenda Kariakoo kwa mara ya kwanza kununuliwa sare za shule huuliza: kwa nini kituo kinaitwa Fire? Jibu ni jepesi. Hapo jirani ndipo kilipo kituo cha zimamoto, na wakazi wa jiji waliita eneo hilo kwa jina hilo miaka mingi kabla ya mwendokasi kuanza. Kutoka hapo basi hukata kona, huingia Barabara ya Msimbazi, na baada ya muda mfupi mzazi na mwanawe wako Kariakoo.

Umbali ni mdogo kiasi kwamba mtu mzima huutembea kwa miguu bila kuchoka. Lakini usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua. Watu waliolala wakiwa na maduka na mizigo waliamka asubuhi wakiwa na funguo tu mkononi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika siku iliyofuata na kuunda kamati ya kuchunguza. Wafanyabiashara wakagawanywa katika masoko mengine ya jiji. Serikali ikatenga zaidi ya Sh28 bilioni ili soko kuu likarabatiwe na pembeni lijengwe jengo jipya.

Fedha hujenga upya kuta. Hazirudishi mtaji wa mama aliyekopa kwenye kikoba akajaza mzigo wiki hiyohiyo. Ndiyo maana inafaa familia inayotembea Kariakoo ijifunze kulisoma eneo hili kwa jicho jingine: moto huanzaje, na ukishaanza hupita wapi?

Msitu wa zege

Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waswahili walilitamka walivyolisikia, na hivyo ndivyo lilivyobaki. Kambi ikaondoka, soko likakua, na mitaa iliyonyooka kwa rula ikajaa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na uani nyuma.

Jengo la soko kuu linalojulikana leo lilifunguliwa mwaka 1975. Lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Ukisimama chini yake na kutazama juu, unaona nguzo zinazotanuka kileleni kama miavuli iliyogeuzwa, au kama miti. Masoko mengi ya kale yalikuwa chini ya miti, na hapa miti hiyo imejengwa kwa zege. Paa lake liliundwa ili upepo upite na maji ya mvua yakusanywe. Chini kabisa kuna sehemu ya jumla ambayo wenyeji huiita shimoni.

Zege haliwaki. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumwambia mtoto anayeuliza jengo la mawe liliunguaje. Mzigo ndio unaowaka: maboksi, magunia, plastiki, mbao za meza, mapazia ya turubai, nguo zilizotundikwa. Jengo ni kama sufuria, na kinachoiva ni kile kilichowekwa ndani.

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuwaka, joto la kukiwasha, na hewa. Ukiondoa kimoja, unakufa. Kifuniko juu ya kikaango kinachowaka mafuta huondoa hewa. Maji juu ya mkaa huondoa joto. Na eneo lililofyekwa likabaki udongo mtupu huondoa kitu cha kuwaka.

Kuna jambo la nne ambalo wengi hawalijui. Ubao au kitambaa hakiwaki mara moja kikiwa kigumu. Joto hukitoa mvuke kwanza, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Kwa hiyo moto hauhitaji kugusa kitu ili ukiwashe. Hukipasha kwa mbali, hukikausha, hukitoa mvuke, kisha cheche moja humaliza kazi.

Hapo ndipo shati moja Kariakoo linapokuwa na tabia mbili. Likiwa ndani ya belo la mitumba lililokazwa kwa mikanda, hewa haipati nafasi, na moto hulila taratibu kwa moshi, wakati mwingine kwa saa nyingi bila mwali kuonekana. Likiwa limetundikwa kwenye henga mlangoni, hewa inalizunguka pande zote na huwaka kwa sekunde chache. Gogo na majani makavu vyote ni mti, lakini kila aliyewahi kuwasha jiko anajua kipi huanza.

Moto wa mlimani

Wako wafanyabiashara wengi wa Kariakoo ambao kila Desemba hufunga frem na kupanda basi la Moshi au Rombo kwenda kula sikukuu nyumbani. Hao hawajasahau Oktoba 2020, walipopokea kwenye simu picha za usiku za Mlima Kilimanjaro ukiwa na mstari mwekundu ubavuni.

Moto ule ulianza Oktoba 11, 2020 katika eneo la Whona, mahali pa kupumzikia wapandaji kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, yalisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi, wanavijiji. Walitumia matawi, majembe na mapanga, kwa sababu gari la maji halifiki huko. Hadi unadhibitiwa, ulikuwa umeteketeza takriban kilomita za mraba 95.

Oktoba ni mwisho wa kiangazi kirefu, kabla mvua za vuli hazijakolea. Nyasi na vichaka vya juu mlimani vimekauka, na upepo ni mkali. Moto wa nyika hupewa amri na vitu vitatu: kilichokauka, upepo na mteremko. Upepo huleta hewa mpya, huinamisha mwali ukafikia kichaka kinachofuata, na hurusha cheche mbele ya wazimaji. Mteremko una hila yake: moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa joto na mwali hupanda juu na kupasha majani yaliyo mbele yake kabla haujayafikia.

Katika nchi yetu mioto mingi ya nyika huanzia mkononi mwa mtu. Ni mkulima anayechoma shamba kabla ya mvua, mrina asali anayewafukuza nyuki kwa moshi, mwindaji, mfugaji anayetaka majani mapya yaote, msafiri aliyeacha mafiga yakiwa na makaa. Wengi wao hawakukusudia ubaya. Walikuwa wakifanya kazi ya kila siku, na walidhani moto umekufa ilhali ulikuwa umelala.

Wazee husema dawa ya moto ni moto. Wazimaji wa nyika huifuata methali hiyo kama ilivyo: huwasha moto mdogo wanaoutawala mbele ya moto mkubwa, ili mkubwa ukifika ukute majivu na kukosa chakula. Kwenye mashamba ya miti, kama yale ya Sao Hill wilayani Mufindi, huachwa barabara za kuzuia moto, vipande vya ardhi visivyo na mti wala nyasi, vikisafishwa kila mwaka. Anayezitazama asiyejua huona ardhi iliyopotea bure. Anayejua huona msitu uliobaki.

Ghorofa ni mlima uliosimama

Rudi sasa Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi. Katikati ya kuli anayepiga kelele "kwa migongo!", mkokoteni wenye majaba, muuza maji na mama anayemshika mwanawe kifundo cha mkono badala ya vidole, ni vigumu kuona nyika yoyote. Lakini sheria za moto hapa ni zilezile, isipokuwa kila kitu kimesogezwa karibu.

Nyumba nyingi za zamani za ukumbi na uani zimebomolewa na mahali pake yamepanda maghorofa. Chini ni frem, juu ni stoo, juu zaidi wanaishi watu. Frem moja hugawanywa mara mbili au tatu kwa mbao laini, na kila kipande kina mpangaji wake. Katika ghorofa, shimo la ngazi ni mteremko usio na mwisho: hewa moto hupanda humo kama kwenye bomba la moshi na kupasha kila sakafu inayopitia. Ngazi hiyohiyo ndiyo mwenye duka hupenda kurundika maboksi, kwa kuwa haina kodi.

Joto lina njia nyingine. Mlango wa chuma wa duka huzuia mwizi, lakini ukipata moto upande mmoja huupitisha upande wa pili. Moshi wa plastiki, viatu na sponji za magodoro hutangulia mwali, na ndio unaoua watu wengi zaidi katika moto wa majengo. Mtu huanguka kwa moshi kabla hajaona moto.

Na chanzo? Waya uliobuniwa kulisha taa moja unapopewa feni, friji, spika na chaji za simu 10 kupitia ekstensheni iliyounganishwa kwenye ekstensheni nyingine, hupata joto ndani ya ganda lake. Haulalamiki. Ganda hulainika, hupasuka, na siku moja hutoa cheche ndani ya dari ambamo hakuna jicho. Umeme unapokatika jioni na kurudi usiku, hukuta pasi na majiko yaliyoachwa yamewashwa yakimsubiri mtu ambaye ameshaenda nyumbani. Kuna pia jiko la mkaa la mama lishe, mshumaa, na sigara iliyotupwa kwenye maboksi.

Miezi sita baada ya soko kuu, Januari 2022, moto uliteketeza soko la Karume, Ilala, ambako mitumba huuzwa kwenye vibanda vya mbao. Pale hapakuwa na zege la kuzuia chochote. Mbao kavu, nguo zilizotundikwa, paa la turubai, kibanda kikigusana na kibanda: ilikuwa nyika katikati ya jiji. Wengi walioungulia Karume ni vijana walioanza na mtaji wa shati moja begani.

Nafasi ina bei

Ukitoka Kariakoo kuelekea Posta unakutana na viwanja vya Mnazi Mmoja. Uwazi ule haukutokea tu. Wakoloni waliuacha ili kutenga makazi ya Waafrika na sehemu za Wahindi na Wazungu, wakisingizia afya. Sababu yao ilikuwa ya ubaguzi, na uwazi ukageuka baadaye kuwa mali ya wote: mahali pa mikutano, gwaride na kivuli. Kwa lugha ya moto, eneo kama lile ni barabara ya kuzuia moto. Mwali ukifika hapo hukosa cha kula.

Ndani ya Kariakoo uwazi wa namna hiyo umebaki mitaani tu, na mtaa una wenyewe. Meza ya mmachinga ipo ukingoni, ya pili mbele yake, na ya tatu hutandikwa chini kwenye turubai. Gari la zimamoto lina upana wake, na mipira ya maji ina urefu wake. Palipo na meza tatu, gari halipiti, hata kama limetoka jirani, pale Fire.

Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa barabarani jijini na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Kwa wiki kadhaa mitaa ilionekana kuwa mipana kuliko watu walivyoikumbuka. Kisha wengi wakarudi kidogo kidogo, kwa sababu mteja yuko Kariakoo, na mtoto nyumbani anahitaji ada na uji. Kuwalaumu ni rahisi kwa asiye na meza. Lakini meza yenyewe ndiyo itakayotangulia kuungua, na anayeilaza mzigo hapo hana bima wala stoo nyingine.

Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Kwa upande wa moto, hatua hiyo ina pande mbili. Macho yako wazi usiku kucha, na moshi mdogo huweza kuonwa mapema kuliko ungeonwa kwenye soko lililofungwa. Lakini waya hazipumziki tena, na mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri huchoka kuzima kila kitu.

Hivyo mgogoro wa Kariakoo hauko kati ya watu wema na wabaya. Kila hatua ya ardhi ina mtu anayeihitaji ili apate riziki leo, na moto unaihitaji iwe tupu kwa ajili ya siku moja isiyojulikana. Siku hiyo isipofika, aliyeacha nafasi huonekana mjinga. Ikifika, nafasi ile ndiyo njia ya gari, ya mipira na ya miguu ya watu wanaokimbia.

Kutembea na watoto

Mzazi anayekwenda Kariakoo na familia haendi kuyakagua majengo. Anakwenda kununua madaftari, kandambili na kitambaa cha sherehe. Lakini kuna mambo machache yasiyochukua muda.

Ukiingia jengo la ghorofa, tazama ngazi ya pili iko wapi na kama imefunguliwa. Mwonyeshe mtoto. Kubalianeni mahali pa kukutana endapo mtatengana, pawe pa wazi na panapojulikana, kama kituo cha Msimbazi Polisi, pasiwe dukani. Mtoto ajue namba ya simu ya mzazi kwa kichwa, kwa kuwa simu huibwa na kuishiwa chaji. Palipo na moshi, asipande juu na asiingie kwenye lifti. Ainame, afunike pua kwa nguo, aelekee mlangoni.

Jioni, mizigo ikishafika nyumbani, Kariakoo huwa imerudi nayo. Sare mpya hutundikwa karibu na pazia, maboksi huwekwa kwenye korido, na chaja iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa huchomekwa kwenye ekstensheni iliyojaa, chini ya kitanda chenye godoro la sponji. Kinachoiunguza frem ndicho kinachoiunguza sebule.

Halafu kuna dirisha. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina nondo kila dirisha na geti la chuma mlangoni, na usiku kufuli hufungwa kwa ndani. Mwizi anabaki nje, na familia inabaki ndani. Taifa hili lilijifunza kwa uchungu Juni 1994, bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, lilipoungua na kuua zaidi ya wasichana 40. Mzazi anayempeleka mtoto bweni ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kulipa ada: mlango wa pili uko wapi, na ufunguo uko kwa nani usiku?

Nyumbani swali ni hilohilo. Funguo za geti ziwe mahali pamoja, panapofikiwa gizani, na kila anayeweza kufungua apajue. Dirisha moja angalau liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mafuta yakishika moto kikaangoni, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Maji huyarusha mafuta na mwali hadi darini. Harufu ya gesi ikisikika, fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, na mtu yeyote asiguse swichi, iwe ni kuwasha au kuzima. Jiko la mkaa lisilale chumbani na watu, hata kama mvua inanyesha. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuishika, na pia afundishwe kutaja mtaa wake na alama ya jirani, msikiti au kanisa au duka, kwa sababu mpokeaji simu haioni nyumba yenu.

Alasiri, basi la kurudi Kimara hupita tena Fire. Mtoto aliyeuliza asubuhi sasa ana mifuko miwili magotini na usingizi machoni. Dirishani, meza za Msimbazi zimesogea mbele kwa wateja wa jioni, na katikati ya meza na mabasi imebaki nafasi ya kupita mtu mmoja akiwa amekaza mabega.